Kodi ya Jiko la Nguchiro

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walijenga, wakaoana na kulipa kodi kama sisi, tena wakinung'unika kama sisi, paliishi Nguchiro mmoja katika kichuguu kilichokuwa juu ya kilima. Sogeeni karibu. Na wewe unayecheka huko nyuma, cheka kabisa sasa hivi umalize, maana mbele huko sikuahidi kicheko.

Nguchiro mnamjua? Kamnyama kembamba, mkia mrefu, macho hayatulii. Ukimtupia jiwe, kabla halijatua yeye yuko upande wa pili anakuuliza unamtafuta nani. Na huyu wetu aliwapita wenzake wote kwa ujanja. Aliwahi kumkodishia Fisi mfupa wa Fisi mwenyewe, na Fisi akashukuru!

Siku moja Nguchiro akaoa. Akamwoa Zuwena, binti wa nguchiro wa ng'ambo ya kijito, mcheshi, mchapakazi, mwenye sauti ya kusikika mpaka bondeni. Ngoma ikalia, watu wakala, watu wakacheza mpaka vumbi likapanda juu ya kichuguu.

Sasa sikilizeni balaa lilivyoingia. Katikati ya shughuli, puu! puu! puu! Ardhi inatikisika. Nani? Kiboko, Mthamini wa Majumba, aliyetumwa na Mfalme Tembo kupita nyumba kwa nyumba na kusema hii ina thamani gani, ile ilipe kodi kiasi gani. Kiboko alikuwa mtu wa mtoni. Huko mtoni hawapiki, wanatafuna majani mabichi mpaka wanazeeka, na maneno ya watu wa nchi kavu aliyasikia nusu nusu.

Mama yake Nguchiro akatoka mbio kumpokea.

"Karibu, Bwana Mkubwa! Umetukuta kwenye furaha. Mwanangu amevuta jiko!"

"Amevuta nini?" Kiboko akainamisha sikio.

"Jiko! Tena jiko la haja. Kilima kizima wanaona wivu."

"Jipya?"

"Jipya kabisa! Limefika jana na ngoma."

"Mmelipa vingi?"

"Uuui! Usiniulize, baba. Tumetoa mpaka kuku wa mbegu."

"Kubwa?"

Bibi wa watu akacheka, akajiziba mdomo kwa kanga. "Si kubwa sana. Lakini lina moto!"

Kiboko akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Akachovya mguu kwenye tope, akapiga mhuri mlangoni, pa! "Nyumba hii ilikuwa ikilipa vikapu vitatu vya mtama kila mavuno. Kwa kuwa sasa ina jiko jipya, tena la gharama, italipa kumi." Kisha huyoo, puu puu puu, akaenda zake.

Ninyi mnajua kwamba aliyevuta jiko ameoa. Mtoto wa kunyonya hapa anajua. Kiboko hakujua, na hakuna aliyethubutu kumkimbilia na kumwambia.

Nguchiro alitaka kwenda barazani kesho yake kulalamika. Zuwena ndiye aliyemzuia, huku akicheka mpaka akashika mbavu.

"Niache nitozwe kodi, baba wee! Wewe unamjua mke mwingine aliyethaminiwa na serikali? Wenzangu wanasifiwa na mashoga zao tu. Mimi nimepigiwa mhuri!"

"Vikapu saba vya ziada, Zuwena. Tutavitoa wapi?"

"Jiko litajilipia lenyewe."

Na kweli, likajilipia. Kila mavuno vile vikapu saba vilitoka katika mikono ya Zuwena. Alilima, alipalilia, alivuna, akavibeba mwenyewe mpaka ghala la mfalme, na akifika anatangaza, "Jiko la Nguchiro limekuja na kodi yake!" Walinzi wote wakacheka isipokuwa Kiboko, ambaye hakuona cha kuchekesha. Wakazaa mtoto wa kike, wakamwita Kidawa. Hiyo miaka ilikuwa mizuri na, sitawadanganya, ilipita upesi.

Masika moja homa ikamkuta Zuwena shambani asubuhi. Jioni hakuweza kusimama. Mvua haijakatika, Zuwena akakatika. Wakamzika nyuma ya kichuguu, pale ambapo jua la asubuhi linaanza kugusa, na Nguchiro, bingwa wa maneno, akafukia kwa mikono yake mwenyewe.

Kidawa hakuwepo. Alikuwa amepelekwa kwa shangazi yake ili homa isimpate. Aliporudi, alizunguka vyumba vyote, akachungulia hata kwenye tundu la kuhifadhia mayai.

"Baba, mama yuko wapi?"

Hapo, watoto wangu, ndipo Nguchiro alipoteleza. Alifungua kinywa aseme kweli, ikatoka hila, maana ulimi wake ulikuwa umeizoea njia hiyo.

"Mama amekwenda kwao. Bibi yake anaumwa, anamuuguza."

"Atarudi?"

"Atarudi."

"Lini?"

"Akipona huyo bibi."

Mama yake Nguchiro alikuwa pembeni akichambua mboga. Mtoto alipotoka nje, akaitupa ile mboga chini. "Mwanangu, mwambie mtoto."

"Kesho, mama."

"Kesho ipi?"

"Kesho, nimesema!" Kisha akaona haya kwa kumfokea mama yake, akatoka. Akapita kwa majirani mmoja mmoja, akawaomba wasimwambie mtoto. Majirani wakakubali. Kwenye jambo la mtoto yatima nani atabisha?

Basi Kidawa akaanza kazi ambayo hakutumwa na mtu. Kila asubuhi anachukua ufagio, anafagia njia kuanzia mlangoni mpaka pale inapokata kona kuelekea ng'ambo. Kokwa anaokota, miiba anang'oa, ili mama akirudi asijikwae. Nguchiro akitazama hivyo, anageuza uso. Lakini kesho ile haikuwa inafika.

Mavuno yakafika. Nguchiro peke yake, na mama mzee na mtoto, alipata vikapu vitatu, kwa tabu. Na hapo hapo, puu! puu! puu!

"Kodi!" Kiboko akanguruma mlangoni.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Kodi! Vikapu kumi."

"Bwana Mkubwa, vipo vitatu. Jiko..." Nguchiro akageuka kuangalia Kidawa yuko umbali gani, akashusha sauti. "Jiko limekufa."

"Jiko halifi. Jiko hubomoka."

"Lililokuwa langu limekufa."

"Basi likarabati! Kubomoka kwako si hasara ya mfalme. Usipotimiza kumi kabla baraza halijafunga hesabu Ijumaa, nyumba inachukuliwa na kilima hiki mnakihama. Ebo!"

Kiboko alipoondoka, Kidawa akaja mbio na ufagio wake.

"Baba, tunahama?"

"Nani kasema?"

"Yule mnene. Baba, tusihame! Mama akirudi akatukosa, atatutafuta wapi?"

Mnaona? Nyumba ile sasa ilibeba mambo mawili. Nyuma yake amelala Zuwena, na mbele yake anangojwa Zuwena. Nguchiro angeweza kuchimba shimo jingine popote, nguchiro hashindwi na udongo. Lakini ahame amwambie nini mtoto?

"Hatuhami," akamwambia. "Baba yako yupo."

Akaenda barazani. Mfalme Tembo alikuwa amekaa chini ya kibanda cha makuti, amechoka na kesi, masikio yanapepea taratibu. Nguchiro akainama.

"Mfalme wangu, nimekuja na rufaa ya kodi. Nyumba yangu imethaminiwa kuwa ina jiko, na haina. Mama yangu alisema nimevuta jiko, maana yake nimeoa. Mthamini akadhani tumejenga."

Baraza zima likalipuka kwa kicheko. Nyani akaanguka kutoka kwenye kiti. Punda akalia kwa sauti ile yake. Hata Tembo mkonga ukamtikisika.

"Kiboko! Umemtoza mtu kodi kwa kuoa?"

Kiboko akavimba. Mtu mzima, mwenye cheo, anachekwa na Nyani! Angekiri pale yangekwisha, na mimi ningewaambia mwende mkalale. Lakini aibu ikamtia uongo mdomoni.

"Uongo mtupu! Nilichungulia mlangoni, nikaliona jiko kwa macho yangu mawili. Jiko la mawe. Lina dohani ya kutolea moshi! Naapa mbele ya kiti hiki."

Kicheko kikakatika.

Tembo akashusha pumzi. "Nguchiro, Mthamini ameapa. Kilichotiwa kwenye hesabu na Mthamini hutolewa na Mthamini. Kama nyumba yako thamani yake ni ndogo, niletee tathmini nyingine, iliyotoka kinywani mwake na kusikiwa na watu. Bila hiyo siwezi kitu."

"Naye asipotaka kuitoa, Mfalme wangu?"

"Ijumaa nafunga hesabu," akasema Tembo, akageukia kesi ya pili.

Nguchiro akarudi polepole, mkia unaburuza. Njiani akapita sokoni, akasikia sauti ya Kiboko, akajificha nyuma ya magunia. Kiboko alikuwa amesimama mbele ya muuza viazi. Nguchiro alivijua viazi vile. Vilipokuwa shambani, Kiboko huyo huyo alivithamini kuwa vinene kama mapaja, akavitoza kodi ya vinene. Sasa vimewekwa mkekani, ananunua.

"Viazi gani hivi?" Kiboko anabetua midomo. "Vyembamba! Vina mizizi! Kefule, hata nguruwe havili. Nipunguzie."

Nguchiro akasimama tuli. Kwa mara ya kwanza tangu masika, macho yake yakaanza kucheza.

Kumbe Mthamini ana midomo miwili! Mmoja wa kutoza, na mmoja wa kununua.

Katika nchi ile, nyumba ilikuwa hainunuliwi kwa kunong'ona. Mnunuzi husimama mlangoni, akataja kasoro za nyumba na bei anayoitaka, na mpiga mbiu hurudia neno kwa neno kwa sauti kuu, ili kesho asitokee mtu akasema hakuambiwa. Muuzaji akiridhika hutoa mkono. Asiporidhika husema basi, na hakuna ugomvi. Mpiga mbiu wa nchi nzima alikuwa Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa, ambaye hakuuliza maana ya neno lolote. Mpe tini mbivu tu, atatangaza hata kifo chake.

Nguchiro akamfuata Kiboko mtoni, akajiliza kwa sauti.

"Bwana Mkubwa, mmenishinda. Ijumaa baraza litaichukua nyumba yangu, itakuwa mali ya mfalme, na wewe uliyehangaika na kodi yangu miaka yote hupati hata udongo wa kupaka. Naona bora nikuuzie wewe kabla ya hapo."

Kiboko akaibuka majini, chubwi! Masikio yakazungushwa zungushwa. Kuishi katika kichuguu asingeweza, hata pua isingepita. Lakini kupangisha! Familia ngapi za vicheche zilikuwa zinatafuta nyumba ya mlimani isiyofika mafuriko!

"Unauza bei gani?"

"Mimi sijui bei, Bwana Mkubwa. Wewe ndiye mthamini."

Lo! Kiboko akatabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana. "Mwite Hondohondo. Nakuja kesho."

Asubuhi ya siku hiyo ya mauzo, Nguchiro akamwambia mama yake, "Mpeleke mtoto kijitoni mkafue. Mkae huko huko mpaka niwaite."

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Naokoa nyumba."

Mama yake akakusanya nguo chafu. Kisha akamshika Kidawa mkono, wakashuka na nguo zao. Kidawa alikuwa amekwisha kufagia njia.

Puu! puu! puu! Kiboko akafika. Hondohondo akatua juu ya kichuguu, amejaa tini mpaka shingoni. Majirani wakatoka, maana mbiu haikosi wasikilizaji. Kiboko akakizunguka kichuguu mara moja, akaanza.

"Nyumba hii ni ya zamani!"

"Nyumba hii ni ya zamaaani!" akalia Hondohondo. Kwaa! kwaa!

"Udongo wake unamomonyoka!"

"Udongo wake unamomonyooka!" Kwaa! kwaa!

"Vyumba finyu! Upepo hakuna! Mchwa wapo!"

Hondohondo akayarudia yote. Nguchiro akawa anakunja uso kama mtu anayechomwa, lakini moyoni anahesabu. Bado neno moja. Neno lenyewe Kiboko halitaji! Kasoro zote kazimaliza, anakaribia bei.

"Bwana Mkubwa," Nguchiro akasema, "mbona unanishushia hivyo? Fikiria basi na jiko. Jiko si linaongeza bei?"

"Jiko gani?"

"Lile uliloliona. La mawe, lenye dohani."

Kiboko akasahau baraza, akasahau kiapo. Mbele yake aliona bei tu, inataka kupanda. "Liko wapi? Nionyeshe! Nionyeshe jiko!"

Nguchiro alikuwa amelitayarisha jibu. Alilifanyia mazoezi njia nzima. Ajabu ni kwamba zamu yake ilipofika, alitazama kwanza nyuma ya kichuguu, ndipo akalitoa.

"Halipo."

"Halipo! Nyote mmesikia! Na halijawahi kuwepo! Hondohondo, tangaza. Nyumba ya Nguchiro haina jiko, wala haikuwahi kuwa na jiko, na bei yake ni vikapu vitatu na hapo nimemhurumia!"

Hondohondo akavuta pumzi, akainua ule mdomo wake.

"Nyumba ya Nguchiro haina jikooo! Haikuwahi kuwa na jikooo!"

Kwaa! Kwaa! Sauti ikagonga kilima cha pili, ikarudi, ikashuka bondeni. Haina jikooo. Wazee wakainamisha vichwa. Akina mama waliokuwa wakitwanga wakaacha michi hewani. Kila mtu pale alijua maana ya neno lile, kila mtu isipokuwa Hondohondo, na Kiboko aliyekuwa ameisahau kwa tamaa, na kila mtu alikuwa amekula pilau la harusi ya Zuwena.

Haikuwahi kuwa na jiko! Nguchiro alisimama akisikiliza mke wake akifutwa hadharani, na ni yeye aliyelipa tini za kumfutia. Alitaka kupiga kelele kwamba lilikuwepo, lilikuwepo bwana, lilijaza nyumba nzima, lilicheka mpaka bondeni. Akameza. Angesema hivyo, nyumba ingekwenda.

"Haya, lete mkono," akasema Kiboko.

"Sitoi. Bei imenishinda. Basi," akajibu Nguchiro, na kabla Kiboko hajafunga kinywa, alikuwa amekwisha kuteremka upande wa pili akielekea barazani, na Hondohondo juu yake, na majirani nyuma yake.

Barazani, Nguchiro akainama. "Mfalme wangu, uliniambia nilete tathmini iliyotoka kinywani mwa Mthamini, ikasikiwa na watu. Nimeileta. Hondohondo, tapika."

Hondohondo akarudia yote neno kwa neno, pamoja na kikohozi cha Kiboko. Majirani wakasema ndivyo. Kiboko akaingia anahema, hoi, tope limemkaukia mgongoni.

"Kiboko," akasema Tembo, taratibu sana, "wewe uliapa mbele yangu kwamba nyumba ya Nguchiro ina jiko la mawe. Lina dohani. Leo umepiga mbiu kwamba halipo na halikuwahi kuwepo. Ulidanganya lini?"

"Mfalme wangu... pale... pale nilikuwa mnunuzi."

Nyani akaanza kucheka. Mkonga ukanyooshwa, akanyamaza.

"Nenda sasa hivi kilimani, ukaufute ule mhuri wako mlangoni kwa ulimi wako mwenyewe. Kisha rudi mtoni ukae huko, uthamini samaki. Na ninyi nyote sikieni. Kuanzia leo nyumba ya Nguchiro ihesabiwe kuwa haina jiko. Kodi yake vikapu vitatu. Nimemaliza."

Baraza likaruka kwa vigelegele. Kadogo kale kamemwangusha lidubwana! Wakambeba Nguchiro juu juu. "Hongera!" wanamwambia. "Hongera, huna jiko!" Hata waliokuwa wakimpa pole siku ya mazishi walimshika mkono wakasema hongera. Naye akajibu, "Ahsanteni, ahsanteni," kwa sababu mtu ukipewa hongera utasema nini?

Akapanda kilima peke yake, anajipangia maneno. Atamwambia Kidawa, mwanangu, tumeshinda, hatuhami tena. Atamrusha juu, atamdaka. Habari ile nyingine, kesho.

Alipofika, Kiboko alikuwa amekwisha kupita. Mlango ulikuwa umelowa na mhuri haupo. Mama yake amekaa nje, kapu la nguo pembeni, hazijaanikwa. Kidawa amekaa kizingitini.

"Mama," akauliza Nguchiro, "mbona mmerudi? Sikuwaita."

"Sauti ya yule ndege inafika mpaka kijitoni," mama yake akasema. Akanyanyuka, akaingia ndani.

Nguchiro akakaa karibu na mtoto. "Kidawa! Unajua? Tumeshinda. Nyumba ni yetu. Hatuhami!"

Kidawa hakugeuka. "Baba, jiko ni mama, eti?"

"Nani kakwambia?"

"Kijitoni. Hondohondo alipolia, akina mama wote wakaacha kufua, wakaniangalia. Mmoja akaniambia pole. Nikamwuliza Bibi jiko ni nani. Akalia."

Nguchiro akafungua kinywa. Ulimi uliowahi kumkodishia Fisi mfupa wake mwenyewe, ulimi uliomwangusha Kiboko mchana ule ule, akautafuta. Angesema Hondohondo kakosea. Angesema jiko lililotajwa ni la mawe. Hila zilikuwepo nyingi, zimejipanga, na akamtazama mtoto usoni akaona hakuna hata moja itakayopita.

"Ndiyo," akasema. "Jiko ni mama."

"Na baraza limesema halipo."

"Ndiyo, mwanangu."

"Hayuko kwao anauguza?"

"Hayuko."

"Yuko wapi?"

Nguchiro akamshika mkono, akampeleka nyuma ya kichuguu, mahali ambapo udongo ulikuwa umeanza kuota majani. Kidawa akasimama pale, mikono nyuma, kama mtu mzima aliyekuja kuhani. Nguchiro akaomba moyoni alie, apige kelele, amuume hata mkono.

Mwisho mtoto akasema, polepole, kama anayemaliza hesabu yake mwenyewe:

"Kumbe tungeweza kuhama tu."

Akarudi ndani. Nguchiro akabaki pale na ushindi wake, na hakuna aliyekuja kumwambia hongera.

Hadithi yangu imefika ukingoni, na funzo lake ni hili: jambo zito la nyumbani mwambie mwanao mwenyewe mapema, usiliache likamfikia kwa mdomo wa mpiga mbiu.